Mto wa Damu Uliozibwa

Mto ukizibwa kwa magogo, maji hayakomi kwenda. Hupanda kingo yakajitafutia njia katika mashamba ya watu. Ndivyo ilivyo damu itokayo matumboni, ambayo hukusanyika katika mshipa mmoja mkubwa uingiao katika ini. Ini likijaa makovu, damu huzuiwa mlangoni, ikasukumwa katika mishipa midogo isiyoumbwa kubeba mzigo huo. Mishipa hiyo huvimba, na mara nyingine hupasuka. Aghalabu hupasuka ile ya umio au ya tumbo, na mgonjwa akatapika damu. Lakini mara chache huwa ni ya utumbo, mahali ambapo tabibu hakutazamia.

Katika nchi ya Misri msiba huu una historia ndefu. Mwaka 1910 ilitangazwa kwamba mayai ya kichocho yameonekana katika figo za maiti zilizokaushwa zama za Mafarao, yapata miaka 3,000 iliyopita. Kabla ya hapo, mwaka 1851, tabibu Mjerumani, Theodor Bilharz, alipokuwa akipasua maiti mjini Kairo, aliona minyoo ya kichocho ndani ya mshipa ule ule niliokutajia. Kuna aina ya minyoo hiyo ambayo mayai yake huchukuliwa na damu hata katika ini. Hayo ndiyo magogo yazibayo mto.

Basi serikali ya Misri ikaazimia kuwaokoa wakulima wake. Tangu miaka ya 1950 hata miaka ya 1980, watu wengi mno walidungwa sindano za dawa ya antimoni. Nia ilikuwa njema. Lakini sindano moja ilitumiwa kwa watu wengi, wala haikuchemshwa ipasavyo. Virusi vya homa ya ini aina ya C, vilivyotambuliwa mwaka 1989 tu, vikapita kutoka mtu hata mtu. Dawa iliyokusudiwa kulinda ini ikaliletea adui wa pili, na makovu yale yale, na damu ile ile.

Usiwahukumu upesi, ewe msomaji. Vidonge vilipopatikana, sindano ziliachwa; na katika miaka ya 2018 na 2019 Misri iliwapima raia wake kwa makumi ya mamilioni, ikawatibu waliougua.

Minyoo hiyo ipo hata kwetu, kandokando ya Ziwa Victoria na katika mifereji ya Mwea. Huenda kesho utakuwa muuguzi huko. Kumbuka basi kuitazama dawa, na kukitazama pia chombo kiichukuacho.