Holotaipu: kielelezo kinachobeba jina

Mwaka 1965 mtafiti William Block alikuwa Kenya akikusanya udongo na majani yaliyooza ili aone wadudu waliomo. Sampuli zake ziliingia Makumbusho ya Historia Asilia ya London mwaka 1978, na ndani yake alikuwemo mdudu ambaye hakuwa na jina hadi Oktoba 2019. Michael Darby, aliyekuwa akipitia mkusanyo huo, alimkuta mbawakawa wa urefu wa milimita 0.79, mwenye rangi ya manjano iliyopauka, hana macho, hana mbawa, ila ana vipapasio virefu vinavyofanana na misuko miwili ya nywele. Akamwita Nelloptodes gretae. Somo wake, bila shaka umeshambaini, ni Greta Thunberg, mwanaharakati wa tabianchi kutoka Sweden.

Habari ya Greta ilisambaa. Lililopita kimya ni neno ambalo bila hilo, jina la mdudu huyu lisingesimama: holotaipu. Lina asili ya Kigiriki, holos likiwa na maana ya kitu kizima na typos alama iliyoachwa na pigo au mgandamizo. Asili hiyo haitusaidii sana. Tukitaka kulielewa tuangalie kazi linayofanya.

Tuanze na mdudu. Mbawakawa ni wadudu ambao mbawa zao za mbele zimekuwa ngumu, zikafunika mgongo. Familia ya Ptiliidae, aliyomo mdudu wetu, ni ya wadogo kupindukia. Mmoja wao, Scydosella musawasensis wa Amerika, ana milimita 0.325 tu. Kwa wale wenye mbawa za nyuma, kila ubawa huwa kijiti chembamba chenye nyuzi pembeni mfano wa unyoya, na wengi hula spora za kuvu. Hutawaona kwa kuinama msituni. Njia ya kawaida ya kuwapata ni kutia majani yaliyooza ndani ya faneli yenye wavu, juu ukaweka taa, chini ukaweka chupa ya spiriti. Majani hukauka kuanzia juu, wadudu wakashuka kufuata unyevu, mpaka wanadondokea kwenye spiriti. Baada ya hapo ni hadubini na kalamu ya mtu mvumilivu. Kwa wadudu wa familia hii, umbo la nje mara nyingi halitoshi kuwatofautisha. Hutazamwa hata kifuko ambamo jike huhifadhi mbegu za dume, maana kila spishi huwa na chake kilichojikunja kwa namna yake.

Tuseme sasa mtafiti ana wadudu kumi na wawili anaoamini ni spishi moja mpya. Anaandika maelezo yao: urefu, rangi, idadi ya pingili za kipapasio, vinyweleo vilivyolala na vilivyosimama. Lakini maelezo peke yake hayatoshi. Anatakiwa achague mdudu mmoja, mmoja tu, aseme: jina hili ni la huyu. Huyo ndiye holotaipu. Kumi na mmoja waliobaki wanaitwa parataipu. Kwa mujibu wa Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama, tangu mwaka 2000 jina jipya la spishi lililochapishwa bila kutaja wazi kielelezo chake halihesabiki, na ni lazima pia ielezwe kitahifadhiwa wapi. Ukifungua kabati za London utaiona holotaipu kwa kilebo cha duara chenye ukingo mwekundu. Parataipu zina ukingo wa manjano.

Je, kwa Kiswahili tuiteje? Wepesi wa kutafsiri watakimbilia neno aina, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Aina ni kundi, na gazetini neno hilo ndilo hutumika badala ya spishi, tunaposema aina mpya ya mdudu. Holotaipu si kundi, ni mdudu mmoja aliyekauka. Mfano nao haufai, kwa sababu anayesikia mfano hutarajia kuonyeshwa aliye bora au wa kawaida miongoni mwa wenzake. Holotaipu haina wajibu huo. Inaweza kuwa imekatika mguu, inaweza kuwa ndogo kuliko wenzake wote, na bado ikabaki holotaipu. Sampuli ni pana mno: hata kijiko cha udongo ni sampuli.

Neno ninaloliunga mkono ni kielelezo, na si kwa ile maana ya darasani ya picha inayorahisisha somo. Nalichukua kutoka mahakamani. Wakili anaomba hati ipokelewe kama kielelezo, hakimu anaipokea, inapewa namba, na kuanzia hapo kila anayebishana juu ya hati hiyo anarudishwa kwenye karatasi ile ile. Kazi ya holotaipu ni hiyo hasa. Chukulia kwamba kesho mtu anachunguza upya wale wadudu kumi na wawili, akagundua kwamba kumbe walikuwa spishi mbili zilizochanganywa. Ni ipi ibaki na jina la zamani? Haiulizwi ipi ina wadudu wengi, wala mwandishi wa kwanza alikuwa anafikiria nini. Inatolewa holotaipu, inatazamwa, na spishi aliyomo mdudu huyo ndiyo inayoondoka na jina. Nyingine inatafutiwa jina lake, na holotaipu yake. Maelezo yaliyochapishwa yanaweza kuwa na makosa, mchoro unaweza kupotosha, lakini jina limefungwa kwenye mwili wa mdudu.

Kwa hiyo napendekeza kielelezo cha jina pale tunapomweleza msomaji wa kawaida, na holotaipu ndani ya maandishi ya kitaalamu. Wapo watakaosema tuchague moja. Nadhani wanasahau kwamba neno hili lina ndugu: parataipu, lektotaipu, neotaipu. Ukiliacha neno la kutohoa itabidi uwatafutie wote majina yanayoonyesha undugu huo, na sijaona jaribio lililofanikiwa. Neno kishikwambi, yaani tableti, lilikubalika Tanzania kwa sababu wakati wa sensa ya 2022 watu walikiona kifaa chenyewe mikononi mwa makarani. Holotaipu ya mdudu wa milimita 0.79 haitapata bahati hiyo.

Kati ya ndugu hao, neotaipu ndiye wa kumfahamu zaidi, kwa kuwa vielelezo hupotea. Jumba la makumbusho ya zoolojia la Hamburg liliteketea kwa mabomu mwaka 1943, likaondoka na wadudu wengi wakavu, holotaipu zikiwemo. Jambo kama hilo likitokea, na pakawepo utata unaohitaji kutatuliwa, kanuni zinaruhusu mtaalamu ateue kielelezo kingine kishike nafasi ya kilichopotea. Hicho ndicho neotaipu, na hakiokotwi popote: kadiri inavyowezekana, kitoke pale pale kilipotoka cha kwanza. Yaani Nelloptodes gretae akiungua London pamoja na parataipu zozote zilizopo, atakayetaka kumrudishia jina kielelezo chake itambidi apande ndege hadi Kenya na faneli yake. Na atakuwa na kazi, kama majani yale aliyokusanya Block yalidondoka kwenye miti ambayo sasa haipo.