Uzito wa himoglobini wafichua selimundu kwa watoto wachanga

MATONE machache ya damu kutoka kisigino cha mtoto mchanga yatosha kuonyesha iwapo ana ugonjwa wa selimundu. Kazi ipo katika kupima sawasawa protini iliyomo.

Ugonjwa huu umeenea sana kandokando ya Ziwa Victoria, Kisumu, Siaya na Homa Bay zikiwemo. Mnamo 1949, Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia Kenya, alipima damu ya jamii mbalimbali nchini na kukuta kwamba himoglobini ya selimundu ni ya kawaida Pwani na Nyanza, lakini haba katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alieleza sababu: anayeirithi kutoka kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye mgonjwa.

Hapo ndipo penye utata. Kipimo cha zamani, cha kutazama kwa darubini damu iliyonyimwa oksijeni, huonyesha seli zenye umbo la mundu kwa mgonjwa na kwa mbebaji vilevile. Mzazi anayepewa jibu la aina hiyo huwa hajaambiwa lolote la maana. Isitoshe, damu ya mtoto mchanga imejaa himoglobini ya tumboni, ambayo huzuia seli kujikunja.

Spektrometa ya masi hupima uzito wa molekuli zenyewe. Hutiwa chaji ya umeme, kisha hutenganishwa ndani ya chombo kisicho na hewa kulingana na uzito na chaji. Mnyororo wa beta wa himoglobini ya kawaida una uzito wa daltoni 15,867 hivi. Ule wa selimundu, 15,837. Tofauti hiyo ya 30 yatokana na asidi amino moja tu. Mbebaji huonyesha minyororo yote miwili, ilhali aliyerithi kotekote hukosa ule wa kawaida.

Baadhi ya maabara za Uingereza huwapima watoto wachanga hivyo. Mitambo yenyewe ni ghali. Kutenganisha himoglobini kwa umeme kwenye jeli ni nafuu na pia humbainisha mgonjwa. Anayetambuliwa mapema huanzishiwa penisilini na kinga ya malaria; bila hivyo, wengi hufa kabla ya miaka 5.

Hata hivyo, hakuna mtambo unaoweza kutofautisha himoglobini ya mtoto na ya kawaida aliyoongezewa. Nyanza, ambako malaria huwamaliza watoto damu, sampuli yafaa ichukuliwe kabla ya kuongezewa, au miezi 3 hadi 4 baadaye.