Walimu Wamishenari na Lugha ya Ngaturkana: Lodwar na Kakuma Tangu 1961

Wanahistoria wa elimu nchini Kenya wamezoea kuanzia Rabai, ambako Krapf na Rebmann waliweka kituo chao mwaka 1846, kisha wakapanda nao hadi nyanda za juu na ufuko wa ziwa Viktoria. Turkana huachiwa aya moja mwishoni, kana kwamba huko hapakuwa na historia ila ukame. Kwa mwanaisimu hilo ni pengo kubwa. Huko mwalimu mgeni na lugha ya wenyeji walikutana kwa kuchelewa sana, na namna walivyokutana imeacha athari ambazo hazijafutika.

Chini ya utawala wa Waingereza wilaya hiyo ilikuwa imefungwa. Sheria ya wilaya za pembezoni ya mwaka 1902, na baadaye ile ya wilaya maalumu ya mwaka 1934, ziliwapa maofisa mamlaka ya kumzuia mtu asiingie wala kutoka pasipo kibali. Wamishenari nao walizuiliwa. Kwa sababu hiyo Kiswahili kiliingia Turkana kabla ya shule, nacho hakikubebwa na mwalimu bali na askari, karani, mwenye duka na mfungwa. Huko Lokitaung ndiko Jomo Kenyatta na wenzake walikofungwa baada ya kesi ya Kapenguria ya mwaka 1953. Mwaka 1959 alihamishiwa Lodwar, akazuiliwa huko hadi alipopelekwa Maralal mwezi wa Aprili 1961. Mtu huyohuyo ndiye aliyekuja kukitangaza Kiswahili kuwa lugha ya Bunge mwaka 1974. Lakini Mturkana wa siku zile alikijua Kiswahili kama lugha ya amri na ya bei; hakukijua kama lugha ya masomo.

Mlango wa wilaya ulifunguliwa na njaa. Ukame wa 1960 na 1961 uliangamiza mifugo, watu wakakusanywa makambini, na serikali iliyoelemewa ikawaruhusu wamishenari kuingia mwaka 1961. Walifika wa Africa Inland Mission, na walifika mapadre wa Kiairishi wa Shirika la Mtakatifu Patrisi, lililoanzishwa Kiltegan mwaka 1932. Mwaka 1968 Lodwar ilifanywa eneo la kanisa lenye mkuu wake, John Mahon, na mwaka 1978 ikawa dayosisi, naye Mahon akawa askofu wake wa kwanza. Kituo cha misheni kilikuwa na ghala, zahanati na darasa, na vyote vitatu vilimhudumia mtu yuleyule, yaani aliyepoteza mifugo. Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Shule iliota kando ya chungu cha uji, nayo familia yenye mbuzi na ngamia iliihesabu kuwa mahali pa watoto wa waliofilisika. Kijana hodari alibaki na kundi. Ukame mwingine ulipokuja mnamo 1979 na 1980, ambao Waturkana wenyewe waliuita Lopiar kwa kuwa ulifagia kila kitu, madarasa yalijaa tena kwa sababu ileile.

Wageni hao walikutana na lugha ya namna gani? Ngaturkana ni lugha ya Kiniloti cha Mashariki, jamaa ya Kiteso na Kikaramojong. Sauti ya kwanza ya jina lake ndiyo ile ya neno ng'ombe, ingawa huandikwa bila kibainishi. Nomino zake hazigawanyiki katika ngeli kama zetu, bali katika jinsi tatu zinazoonyeshwa na kiambishi awali: e- kwa uume, kama ekile, mwanamume, a- kwa uke, kama aberu, mwanamke, na i- kwa jinsi ya tatu, kama ikoku, mtoto. Kitenzi hutangulia kiima. Tatizo kubwa zaidi ni irabu. Ngaturkana ina irabu 9, hali maandishi ya kawaida yana herufi 5 tu, zilezile za Kiswahili. Tena irabu ya mwisho wa neno mara nyingi hutamkwa kwa mnong'ono tu, pasipo sauti, hata mgeni asiisikie kabisa. Basi mwalimu aliyedhani kwamba ameijua lugha kwa kuwa anaweza kuisoma alikuwa amejua nusu yake.

Miongoni mwa watu wa misheni walikuwako waliolitambua jambo hilo wakakaa chini kujifunza. Padre Anthony Barrett alitoa kamusi ya Kiingereza na Ngaturkana mwaka 1988, na ile ya Ngaturkana na Kiingereza mwaka 1990. Hata hivyo uchambuzi wa kina wa sarufi ulikuwa umekwisha kufanywa na Mholanzi mmoja asiyekuwa padre, Gerrit Dimmendaal wa Chuo Kikuu cha Leiden, ambaye kitabu chake juu ya lugha hiyo kilichapishwa Dordrecht mwaka 1983. Waholanzi hawakuwa wageni katika elimu ya Kenya. Wamishenari wa Mill Hill, ambao wengi wao walitoka Uholanzi, walikuwa wameeneza shule za katekisimu magharibi mwa nchi chini ya wakubwa kama Gorgonius Brandsma, aliyepewa uongozi wa Kavirondo mwaka 1925. Lakini wale walijifunza lugha ili wafundishe dini. Dimmendaal aliichunguza lugha kwa ajili ya lugha yenyewe, na ndiyo maana irabu zote 9, na zile za mnong'ono pia, zimo katika kurasa zake.

Mtu angetazamia kwamba kazi hizi zingeingia darasani. Zaidi ziliingia kanisani, ambako Mungu aliitwa Akuj, jina ambalo Waturkana walikuwa nalo tangu zamani. Tume ya Gachathi ilipendekeza mwaka 1976 kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya mahali shule ilipo. Pendekezo lilikuwa jema. Walimu ndio waliokosekana. Wengi walitoka kusini, sehemu ambayo Mturkana hata leo huiita Kenya, kana kwamba yeye mwenyewe yuko nje yake. Mwalimu huyo hakuijua Ngaturkana, wala mtihani haukumdai aijue. Hivyo padre wa Kiairishi aliweza kuhubiri kwa lugha ya mtoto, hali Mkenya mwenzake alimfundisha hesabu kwa lugha ambayo mtoto hakuielewa. Ni vigumu kuwalaumu walimu hao. Lawama iko kwa waliowatuma bila kuwapa hata juma moja la mafunzo ya lugha.

Mwaka 1992 mambo yalichukua sura nyingine huko Kakuma, kando ya mto Tarach, kiasi cha kilomita 120 kutoka Lodwar. Maelfu ya vijana wa Sudan, waliokwisha kuikimbia Ethiopia mwaka 1991, walipewa kambi hapo. Baadaye walifuatwa na Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine. Shule za msingi zilisimamiwa na Shirikisho la Kilutheri Duniani, na Wasalesiani wa Don Bosco wakafundisha kazi za mikono. Mtaala ulikuwa wa Kenya. Kwa hiyo mtoto wa Kidinka, ambaye hakuwa na haja ya Kiswahili nyumbani kwao, alilazimika kukijibia mtihani wa darasa la nane, ule uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023.

Mkongo ana taabu ya namna nyingine. Amezaliwa na Kiswahili, lakini ni kile cha Kivu, chenye batoto badala ya watoto na katoto kwa mtoto mdogo. Kwa sarufi ya lahaja yake amesema sawa. Kwa kalamu nyekundu ya mwalimu amekosea. Mturkana anayeketi naye dawati moja, maana watoto wa wenyeji nao husoma katika shule hizo, hukipata Kiswahili kitabuni na sokoni, na huenda akampita kwa alama. Nyumbani watoto hao hao kwake ni ngidwe, neno ambalo halimo katika karatasi yoyote ya mtihani anaoufanya. Limo katika kamusi ya Barrett.