Mrija Kooni mwa Mtoto: Kutoka Kidole hadi Video
Kuingiza mrija wa hewa kooni mwa mtoto kulistawi kwa sababu ya dondakoo, ugonjwa uliokuwa ukiwaziba watoto pumzi. Mwaka 1858 Eugène Bouchut wa Paris alijaribu mirija ya chuma, lakini wakubwa wa tiba wa Ufaransa wakaikataa. Wao walipendelea kutoboa koo. Miaka ya 1880 Joseph O'Dwyer wa New York aliifufua kazi hiyo. Mtoto alivingirishwa blanketi, akapakatwa na muuguzi; daktari akapenyeza kidole cha shahada hadi kooni, akateremsha mrija uliofungwa uzi, ili ukipotelea kwenye umio uvutwe upesi. Yote hayo yalifanywa kwa kupapasa, na mwanafunzi hakuwa na cha kutazama.

Mwaka 1895 Alfred Kirstein wa Berlin alilitazama koromeo moja kwa moja. Mwaka 1941 Robert Miller wa Marekani akaleta bapa lililonyooka la kutazamia koromeo, ambalo hadi leo hupendelewa kwa watoto wachanga. Bado aliyeona alikuwa mmoja tu, na mwalimu aliyesimama kando alibaki kukisia. Kifaa chenye kamera nchani, kilichoingia sokoni mwaka 2001, kilibadilisha mambo: nyuzi za sauti zikaonekana kwenye skrini, zikarekodiwa, zikawa somo. Hata hivyo video haifundishi wepesi wa mkono. Huo hupatikana kwa mazoezi juu ya mwanasesere.