Posho na Kitoweo Katika Kambi za Vijana wa Kisarawe na Kibaha

Msimbu ni kata ya Wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani, katika nchi ya Wazaramo iliyo nyuma ya Dar es Salaam. Ardhi yake ni ya kichanga, nayo inafaa kwa muhogo, mikorosho, minazi, miembe na mananasi. Mpunga hulimwa mabondeni, kunde na mbaazi hupandwa kati ya mazao mengine. Upande wa kaskazini, msitu wa Ruvu Kusini unaziunganisha Kisarawe na Kibaha. Kwa zaidi ya karne moja vijana wamekusanywa katika kambi za nchi hii, kwa jando, kwa uchukuzi wa mizigo, kwa uskauti, kwa Jeshi la Kujenga Taifa na kwa safari za shule. Katika nyingi ya kambi hizo nafaka ilipimwa kwa uangalifu, kitoweo kikaachwa kitafute njia yake. Mlo kamili kambini ulianza kupatikana pale kitoweo nacho kilipoingia katika hesabu.

Kambi kongwe kuliko zote ni kumbi la jando. Wavulana walitengwa porini kwa muda, chini ya ngariba na wasimamizi wao. Wakati uliopendelewa ulikuwa kiangazi, baada ya mavuno, ghala zikiwa na kitu. Chakula kilipikwa kijijini na kupelekwa kumbini, kwa hiyo kila nyumba yenye mtoto huko ilikuwa na sehemu yake katika mlo. Aliyekuwa na kunde alileta kunde, na aliyepata samaki wa mtoni alileta samaki. Hapakuwa na orodha ya vyakula, lakini vyungu vya nyumba nyingi vilipokutana mahali pamoja, vijana walipata mchanganyiko ambao nyumba moja peke yake isingeumudu. Huo ulikuwa mpango mzuri, hata kama haukuandikwa na mtu.

Misafara ya wapagazi iliyotoka pwani kwenda bara katika karne ya 19 ilikuwa na utaratibu mwingine kabisa. Mpagazi alipewa posho ya kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, yaani karibu robo tatu ya kilo, au alipewa nguo na shanga za kubadilishia chakula njiani. Wapagazi walijigawa katika makundi madogo, kila kundi likiwa na chungu chake na zamu zake za kuteka maji, kuokota kuni na kupika. Kibaba cha mtama au mahindi kilitosha kumtia mtu nguvu ya kutembea, ila hakikuwa na kitoweo ndani yake. Mboga, samaki wakavu au nyama vilipatikana pale msafara ulipopita penye soko, wanakijiji wakarimu au mawindo, na mahali pengine watu walikula nafaka tupu siku hata siku.

Udhaifu wa hesabu hiyo ulionekana vibaya sana katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, na vita vikasogea kusini kuelekea Mto Rufiji, katika mvua kubwa za mwanzoni mwa 1917. Mizigo ilibebwa na vijana wa Kiafrika walioandikishwa katika kikosi cha wachukuzi, ambacho jina lake la Kiingereza, Carrier Corps, limebaki katika jina la mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam. Makumi ya maelfu walikufa, na waliouawa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Kuhara damu kulichangia sana, na chakula kilikuwa sehemu ya chanzo. Watu waliozoea ndizi, viazi au mtama walipewa unga wa mahindi, tena bila sufuria za kutosha, bila kuni kavu na bila muda. Ugali ulioliwa mbichi uliwachoma matumbo. Madaktari wa jeshi walidai nafaka iive vizuri na kitoweo kiongezwe, lakini marekebisho yalipokuja wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa. Katika historia yote ya chakula cha kambi Afrika Mashariki hakuna sura inayoumiza kuliko hii, kwa sababu waliokufa walikuwa na posho mikononi.

Uskauti ulileta fikra tofauti. Baden-Powell, mwanzilishi wake, aliweka kambi yake ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, na chama kilifika Zanzibar mwaka 1912, kisha Tanganyika mwaka 1917. Kilienea hasa kupitia shule za misheni na za serikali. Kiini cha kambi ya skauti ni kundi la vijana sita hadi wanane wenye kiongozi wao, wanaopanga chakula chao na kukipika wenyewe. Kwa wavulana wa pwani jambo hilo lilikuwa na uzito, maana jikoni palikuwa mahali pa mama na dada. Kijana aliyewahi kuunguza maharage ya wenzake saba alijifunza upesi kwamba maharage huchaguliwa mawe, huoshwa na kulowekwa usiku, na kwamba mpishi wa mchana huanza kazi yake jana yake.

Baada ya Uhuru, Kibaha ikawa mahali pa majaribio makubwa. Mwaka 1963 nchi za Nordiki zilianzisha huko kituo chenye shule ya sekondari, mafunzo ya wakulima na huduma ya afya. Kilimo, ufugaji na afya vilifundishwa katika eneo moja, kisha mwaka 1970 kituo kikakabidhiwa kwa serikali na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Mwaka huohuo wa 1963, mwezi Julai, liliundwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na Ruvu, ndani ya Kibaha, ikawa miongoni mwa kambi zake maarufu. Mwaka 1966 serikali iliamua kwamba wasomi nao lazima walitumikie jeshi hilo. Wanafunzi, wengi wao wa chuo kikuu, waliandamana mwezi Oktoba kuupinga uamuzi huo, na karibu 400 wakafukuzwa. Tangu hapo kuruta mwenye shahada na kuruta wa darasa la saba walipanga foleni moja kwa ugali na maharage.

Mlo huo wa JKT umesemwa vibaya na wengi waliopita Ruvu, lakini kwa upande wa lishe una akili. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, ambayo maharage yanayo kwa wingi, na maharage yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi yanayo. Yakiliwa pamoja, kila kimoja huziba pengo la mwenzake. Dona, inayosagwa pamoja na kiini na pumba, hubakiza vitamini za kundi B ambazo sembe hupoteza kinuni. Kilichopungua kambini kilikuwa mboga na matunda, na ndiyo maana bustani za vikosi zilikuwa na maana kubwa kuliko zilivyohesabiwa.

Elimu ya lishe ilifika vijijini kwa nguvu katika miaka ya 1970. Taasisi ya Chakula na Lishe ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, mwaka uleule wa kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, nchi ikiwa imetoka katika ukame. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu na kujadiliana. Walifundishwa kugawa vyakula katika vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Baadaye mgawanyo ukawa wa makundi matano: nafaka, mizizi na ndizi; jamii ya kunde na vyakula vya wanyama; mboga; matunda; mafuta na sukari. Kwa mpishi wa kambi, mgawanyo wa mwanzo ulikuwa na faida ya kukumbukwa hata bila karatasi.

Hesabu ya kambi ya vijana 30 huko Msimbu inaonyesha jinsi mafunzo hayo yanavyofanya kazi. Mlo mmoja wa ugali huhitaji kilo 7 na nusu za unga, robo kilo kwa kila mmoja. Maharage makavu kilo 3 hutosha, au dagaa wakavu karibu kilo moja. Asubuhi uji hutiwa karanga zilizosagwa, kwa sababu kijana anayetembea na kucheza kutwa hawezi kufika mchana kwa uji mtupu. Matunda hufuata majira. Likizo ya Juni huangukia machungwa, na ile ya Desemba huangukia embe na mananasi, ambayo vitamini C yake huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika maharage na mboga. Unga wa dona hununuliwa wa siku chache tu, kwani mafuta ya kiini huufanya uchache. Mahindi na karanga zenye ukungu hazipikwi kamwe, kwani sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Kisamvu ni kitoweo cha karibu kuliko vyote Kisarawe, nacho kinastahili uangalifu. Majani machanga ya muhogo huchumwa na kutwangwa kinuni mpaka yawe laini kabisa. Kutwanga huko huvunja majani ili sumu ya sianidi iliyomo iachiliwe, halafu sufuria huachwa ichemke muda mrefu bila kifuniko ili sumu itoke na mvuke. Tui la nazi au karanga huja mwishoni. Mafuta yake huuwezesha mwili kutumia vitamini A ya majani, wala hayatiwi kwa ajili ya utamu peke yake. Kambi inayopika kisamvu kwa haraka, kana kwamba ni mchicha, hujitafutia maumivu ya tumbo. Muhogo mchungu nao huliwa baada ya kulowekwa na kukaushwa tu, si wa kuokwa motoni kama ule mtamu.

Shida iliyobaki ni moto. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe, imekatwa kwa miaka mingi kulisha majiko ya mkaa ya Dar es Salaam, na kuokota kuni ndani ya hifadhi kunahitaji ruhusa. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na mwezi Mei mwaka huo ikazindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Agizo hilo limezigusa shule na kambi za JKT, jeshi ambalo lilirudisha mafunzo ya lazima mwaka 2013 baada ya kuyasitisha mwaka 1994. Kambi ndogo za skauti na shule hazifiki idadi hiyo, ila nazo zimeanza kubeba mtungi wa gesi. Gesi hupimwa kwa kilo na kulipiwa kwa fedha, kwa hiyo maharage ambayo hayakulowekwa sasa yana gharama inayoonekana, na kuyaloweka usiku kumeingia katika bajeti ya kambi pamoja na unga.