Filamu "Beyond the Rocks" na Akiba ya Mkusanyaji

Filamu nyingi za Marekani zilizotengenezwa kabla ya sauti kuingia katika sinema zimetoweka. Zilichapwa juu ya utepe wa nitrati, ambao huoza na kushika moto upesi. Tena, zilipokwisha kuonyeshwa, makampuni mengi hayakuona faida ya kuzitunza. Miongoni mwa zilizohesabiwa kuwa zimepotea ilikuwamo "Beyond the Rocks" ya mwaka 1922, iliyoongozwa na Sam Wood.

Kisa chake kilitokana na riwaya ya mwandishi Mwingereza Elinor Glyn, iliyotoka mwaka 1906. Theodora, binti wa familia iliyofilisika, anaolewa na Josiah Brown, tajiri aliyemzidi sana umri. Kisha moyo wake unamwelekea kabaila kijana, Bracondale. Anaandika barua mbili, moja kwa mumewe, nyingine kwa mpenzi. Mkono wenye husuda unazibadilisha, na mume anasoma maneno yasiyokuwa yake. Katika komedia, kosa la namna hiyo lingezua kicheko tu. Hapa linampa heshima mtu aliyeonekana kizuizi tu: Brown anasafiri kwenda Afrika ya Kaskazini, na huko anafariki.

Wakusanyaji waliitamani filamu hii kwa sababu iliyo wazi. Ndiyo pekee iliyowakutanisha Gloria Swanson na Rudolph Valentino, naye Valentino alifariki mwaka 1926 akiwa na miaka 31. Kwa miongo mingi kilichojulikana kubaki ni kipande cha dakika moja hivi.

Ufumbuzi ulitoka Uholanzi. Mkusanyaji mmoja wa Haarlem alifariki mwaka 2000, na makopo yake yapatayo 2,000, mengi yenye kutu, yakakabidhiwa jumba la makumbusho ya filamu la Amsterdam. Humo mikanda ya "Beyond the Rocks" ilitambuliwa, ikiwa imetawanyika. Maandishi yaliyokatiza picha yalikuwa ya Kiholanzi, hata yale ya Kiingereza yakabidi kurudishwa. Mwaka 2005 filamu ilionyeshwa tena.

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Nitrati, hata hivyo, huoza ndani ya kopo lililofungwa vema. Mkusanyaji aliiokoa filamu ambayo wenyewe hawakuitunza, na kwa hilo anastahili shukrani. Lakini muda wote ilipokuwa kwake, historia iliendelea kuiandika kuwa imepotea. Hivyo thamani ya mkusanyo haitokani na uhaba wa kitu peke yake. Hukamilika siku kitu hicho kinapoorodheshwa na kurudishwa mbele ya watazamaji.