Masoko Pwani

Masoko Pwani ni kijiji cha wavuvi na ufukwe mrefu wa mchanga mwororo, takriban kilomita 5 kaskazini-mashariki mwa Kilwa Masoko, makao makuu ya Wilaya ya Kilwa mkoani Lindi. Ufukwe huu umeelekea mashariki, kwenye bahari wazi, na nyuma yake imesimama minazi. Ni tofauti na Jimbizi, hori dogo lililomo mjini penyewe, lenye mibuyu na nyumba za wageni, ambako maji ni matulivu zaidi. Wageni wengi hulala Jimbizi, huvuka kwenda kutazama magofu ya Kilwa Kisiwani, kisha hushika njia ya kurudi Dar es Salaam. Masoko Pwani huishia kuisikia tu, ingawa hakuna ufukwe karibu na mji huu unaoizidi kwa uzuri. Kutoka mjini hufikiwa kwa bajaji, bodaboda au baiskeli.

Anayekwenda asipoulizia maji anaweza kufika akakuta bahari imejiondokea. Pwani hii maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika siku moja, na saa zake husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita meta 3. Siku hizo maji hujaa kwenye saa 10, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa 4, asubuhi na usiku. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu: saa hugeuka, jioni ndipo maji yanapokupwa, lakini hayaendi mbali. Kwa hiyo aliyeuona mwezi jana usiku ana habari ya kutosha kupanga safari yake. Bamvua linampa mwogaji jioni yenye maji tele, na asubuhi yake linamfungulia miamba anayependa kutembea. Huko kwenye miamba yafaa kuvaa yeboyebo, maana kuna miiba na makombe makali, na kwenye mchanga wa chini ya maji samaki aitwaye taa hujifukia.

Asubuhi za bamvua ndizo pia za kazi. Wanawake na watoto huteremka na ndoo na fimbo za chuma kutafuta pweza na chaza kabla maji hayajarudi, na mgeni aliyelala juu ya taulo hapo katikati yumo mahali pa kazi za watu. Alasiri vyombo vinapotia nanga, ufukwe hugeuka soko. Samaki hunadiwa papo hapo mchangani, wachuuzi hugombea bei, na nguru au changu aliyetoka majini muda si mrefu huishia kwenye karai la mafuta ya moto. Kwa rai ya mwandishi huu ndio wakati bora wa kufika, kupita hata macheo yanayosifiwa sana. Kumpiga picha mvuvi au mchuuzi bila kumwomba ni utovu wa adabu. Mji ni wa Waislamu kwa sehemu kubwa: vazi la kuogelea liachwe majini, na mwezi wa Ramadhani asitarajie mtu kupata chakula kwa urahisi mchana.

Upepo nao una neno lake. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi, na kusi hushika baada ya hapo hadi Septemba, likiwa kali zaidi Juni na Julai. Masoko Pwani haina kinga, kwa hiyo kusi likikaza mawimbi huvunjika kwa nguvu na kuogelea ni heri kuhamie Jimbizi. Oktoba na Novemba bahari huwa shwari.

Maji ya Kilwa yana sifa isiyoonekana kutoka ufukweni. Mwaka 2003 wavuvi wa eneo la Songo Mnara walinasa silikanti, samaki wa kale wa vilindini, wa kwanza kuthibitishwa Tanzania. Tangu 2004 ukanda wa Rufiji, Mafia na Kilwa umo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ni miongoni mwa sehemu za mwisho nchini anakopatikana nguva.

Bahari hiyohiyo imekula historia. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Kati ya 2004 na 2014 yalikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, sababu mojawapo ikiwa mawimbi yaliyomega ukingo na kuangusha kuta. Sarafu za Kilwa Kisiwani, kisiwa alichokitembelea Ibn Battuta mwaka 1331, zimeokotwa mbali ajabu: mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota tano kwenye ufukwe wa Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Namna zilivyofika huko hakuna aliyeieleza kwa uhakika.

Kutoka Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 300 kwa barabara ya kusini, msafiri akiiacha barabara hiyo hapo Nangurukuru na kuelekea baharini. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na masika iliweza kuitenga Kilwa kwa majuma. Hata sasa njia si salama kabisa: Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilileta mafuriko yaliyoikata barabara hiyo upande wa Somanga. Mjini Kilwa Masoko, ujenzi wa bandari ya uvuvi ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Septemba 2023, kwa gharama inayopita shilingi bilioni 260. Imekusudiwa meli kubwa za bahari kuu. Mvuvi wa ngalawa wa Masoko Pwani anahitaji mchanga wa kuvutia chombo chake tu, na huo anao.